Mawe ya Mwanza kwa kipimo cha 1:87

Okota jiwe la kweli nje ya nyumba, lioshe, kisha liweke kando ya treni ya mfano ya kipimo cha 1:87, yaani iliyopunguzwa mara 87. Litaonekana la uongo. Weka karibu yake jabali la jasi, ule unga mweupe wa jipsamu ulioshikishwa kwa maji, lililochongwa na kupakwa rangi na mtu anayeijua kazi, na macho yatalikubali bila ubishi. Wengi wanaoanza kujenga reli za mfano hukwama hapohapo, kwa sababu akili inawaambia kwamba hakuna kitakachofanana na jiwe kuliko jiwe. Ukishaelewa kwa nini mambo yako hivyo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Inayobaki ni subira na kuchafua mikono.

Mwamba peke yake hausemi ukubwa wake. Ndiyo maana wanajiolojia wanapopiga picha ya genge au ukuta wa machimbo huweka nyundo, sarafu au kalamu mbele yake. Bila hivyo, anayeitazama picha hajui kama anaona mlima au kipande cha kushika mkononi. Nyufa kubwa huzaa ndogo zenye sura ileile, na ndogo huzaa ndogo zaidi. Kwa hesabu hiyo kokoto ingeweza kabisa kusimama badala ya jabali. Kinachoiumbua ni kingine. Graniti ina punje: feldispa nyeupe au ya waridi, kwatzi ya kijivu, na maika nyeusi. Punje ya feldispa yenye upana wa milimita 5, ukiizidisha mara 87, inafika sentimita 43 na nusu, yaani ukubwa wa kreti ya soda. Jabali lililojaa punje za ukubwa huo hutalikuta kando ya reli yoyote. Maika nayo humeta chini ya taa, na jicho linatambua mara moja kwamba kilicho mbele yake ni kokoto. Na kama jiwe umeliokota mtoni, limesuguliwa na wenzake likaviringika kila upande, ilhali jabali lililosimama mahali pake halikupitia maisha hayo.

Kwa hiyo tunachohitaji ni umbo la jiwe bila punje zake wala mng'ao wake, na hapo ndipo jasi inapoingia: unga laini, mweupe, usio na punje za kuonekana. Lakini umbo la jiwe gani? Anayekusudia kutengeneza "mawe" kwa jumla huishia na uvimbe wa kijivu ambao haupo popote duniani. Anayekusudia mawe ya mahali fulani analazimika kuuliza mawe hayo yalitokeaje, na jibu la swali hilo ndilo linaloongoza patasi na brashi. Mimi nimechagua Mwanza, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ukubwa. Kwa kipimo cha 1:87 mtu wa mita 1.75 ana milimita 20 tu, lakini milima haikubali kupunguzwa kirahisi: Kilimanjaro yenye mita 5,895 ingehitaji karibu mita 68 kwenda juu. Hata Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa ya reli za mfano huko Hamburg, Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 2001 na kukua hadi kuwa na milima ya Uswisi inayopenya kutoka ghorofa moja kwenda nyingine, hupata sehemu ndogo tu ya kimo halisi cha Alps. Kila mjenzi anayetaka mlima anadanganya. Mawe ya Mwanza hayahitaji udanganyifu huo. Jiwe la mita 6 ni sentimita 7; rundo zima la mita 20 ni sentimita 23. Unaweza kulijenga kamili, kuanzia udongo hadi kileleni, juu ya meza ya kawaida.

Sababu ya pili ni reli yenyewe. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni mita moja, ambayo ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na njia za mfano za milimita 12 zinauzwa na kampuni kama Bemo na Peco kwa ajili ya wapenzi wa reli nyembamba za Uswisi. Anayetaka SGR, yaani reli mpya ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435, atatumia njia ya kawaida ya milimita 16.5 inayopatikana katika kila duka la treni za mfano. Mtu mwenye nafasi ya kutosha anaweza kuziweka zote mbili sambamba, na mandhari ya mawe yakawa yaleyale.

Sasa tuyaangalie mawe. Graniti hupoa na kuganda ikiwa chini sana ardhini. Ile ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Miamba iliyoifunika inapomomonyoka, mzigo unapungua, mwamba unatanuka na kupasuka. Baadhi ya nyufa hulala, nyingine husimama, na zinapokatana zinaugawa mwamba katika matofali makubwa yasiyolingana. Maji ya mvua yanapenya humo. Feldispa inaoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, kwatzi inabaki kama mchanga. Zingatia jambo hili, kwa sababu ndilo lenye faida mezani: kona ya tofali hushambuliwa na maji kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso kutoka upande mmoja. Kwa hiyo kona huoza kwanza, kisha kingo, na uso hubaki nyuma. Hayo yote hutokea jiwe likiwa bado limezikwa. Baadaye udongo uliooza unapochukuliwa na mvua, yanabaki mawe ya mviringo yamesimama moja juu ya jingine, na mgeni anayeshuka Mwanza anajiuliza ni nani aliyeyapandisha. Hayakupandishwa. Jiwe la juu na la chini yake yalikuwa mwamba mmoja, na bado yanakaa mahali palepale yalipopasukia. Jiwe la Bismarck linaloonekana ziwani, lile lililo kwenye kila kadi ya posta ya Mwanza, ni la ukoo huohuo.

Matokeo yake kwa mjenzi ni kwamba huwezi kutengeneza mipira ya jasi ukaipanga. Mipira haioani. Macho ya mtu aliyewahi kufika Mwanza yataona kuna kasoro hata kama mdomo wake hautaweza kuieleza. Njia inayofaa ni kurudia yale maumbile yaliyofanya: mimina tofali moja, lipasue, zungusha kona, lirudishe mahali pake.

Tandika nailoni ndani ya boksi la viatu, mimina jasi unene wa sentimita 5 hadi 7, na uache ishike. Ikiwa ngumu lakini bado ina unyevu, itoe. Kwa kisu, chora mistari juu na pembeni: michache inayolala karibu sambamba na mingine inayoikata, nafasi kati yake zisilingane. Weka patasi pana juu ya mstari na uigonge polepole kwa nyundo, ukisogea kando ya mstari, mpaka usikie sauti imebadilika. Kipande kitaachana. Nyuma ya kila kipande andika namba kwa penseli, maana dakika tano baadaye hutakumbuka kipi kilikaa wapi. Kisha chukua tupa ya mbao, anza na kona zote, uzile sana. Halafu kingo, kwa kiasi. Nyuso ziache zilivyo, na zile zilizopasuka kwa patasi ziguse tu kwa brashi ya waya. Malizia kwa sifongo yenye maji ili mikwaruzo ya tupa ipotee. Msasa laini usiutumie, hung'arisha uso na kuua ule ukavu ambao rangi itauhitaji.

Unapoyarudisha mawe mahali pake, fuata namba, lakini usiwe mwaminifu kupita kiasi. Moja lisogeze milimita mbili. Jingine liinamishe kidogo. Moja liondoe kabisa kwenye rundo na ulilaze chini, mbele kidogo, ambako lingeangukia. Nyufa za juu ziache wazi zipitishe mwanga. Za chini zijaze udongo, kwa sababu kule chini mvua haijamaliza kazi yake. Hapo ndipo rundo linapoanza kuonekana kubwa: jicho hufuata ufa kutoka jiwe moja hadi jingine na kukubali kwamba lilikuwa kitu kimoja kizito.

Kuhusu jasi yenyewe, nitasema machache yanayoleta tofauti. Huo ni unga ambao mafundi wa dari huuita jipsamu, na ambao hospitali huutumia kumfunga mtu hogo akivunjika mguu. Kiwandani madini ya jasi huchomwa mpaka yanapoteza robo tatu ya maji yaliyomo ndani yake. Ukiyarudishia maji, yanayanyonya na kuunda fuwele ndogo zinazofumana. Ndiyo maana jasi hupata joto inaposhika. Haikauki tu kwa hewa kama udongo. Nyunyiza unga ndani ya maji, usimimine maji juu ya unga, la sivyo utapata madonge. Vikombe viwili vya unga kwa kikombe kimoja cha maji ni mwanzo mzuri. Chumvi huiharakisha, siki huichelewesha. Bakuli lenye mabaki ya jasi ya jana huiharakisha pia, kwa sababu fuwele za zamani huzipa mpya mahali pa kuanzia, kwa hiyo anayelalamika kwamba unga umeharibika aangalie kwanza bakuli lake. Mabaki usiyamwage kwenye sinki, yatashikia kwenye bomba. Na kamwe mtoto asizamishe mkono kwenye jasi inayoshika: donge kubwa hufika joto la kuunguza ngozi vibaya.

Jasi ni nzito, kwa hiyo usijenge kilima kizima kwa jasi tupu. Mawe ya mbele yawe ya jasi, nyuma yake ziwe fremu za boksi na magazeti yaliyokunjwa, yakifunikwa na vipande vya karatasi laini vilivyochovywa kwenye uji wa jasi. Ganda linalopatikana ni jembamba na gumu. Njia hiyo ilienezwa Marekani na Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la wapenzi wa reli za mfano, na mpaka leo sijaona iliyo rahisi kuliko hiyo.

Wapo watakaoniuliza kuhusu kalibu za mpira. Ni chombo kizuri mahali pake. Unapaka utomvu wa mpira juu ya jiwe halisi, tabaka baada ya tabaka, kila moja likauke, katikati ukiongeza shashi ya kufungia vidonda ili kalibu isichanike. Ukilibandua, umepata umbo la jiwe na kuacha nyuma punje na mng'ao wake, yaani vile vitu viwili vilivyoliumbua jiwe pale mwanzoni. Unamimina jasi ndani, unangoja mpaka uso wake uanze kupasuka ukikunja kalibu, unaikandamiza kwenye ganda uliloliloanisha maji, unaishikilia mpaka usikie joto, kisha unaibandua. Majabali ya John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, ambaye reli yake ya mfano ya Gorre & Daphetid ilikuwa na milima kutoka sakafuni karibu na dari, ndiyo yaliyowafundisha wengi kwamba jabali linaweza kuwa sehemu kuu ya mandhari badala ya kujaza pengo. Alifariki Januari 1973, na reli hiyo iliteketea kwa moto muda mfupi baadaye. Tunayoyajua tunayajua kwa picha zake. Ila kalibu nyingi zinazouzwa madukani huonyesha miamba ya milima mikali, yenye makali na pembe. Ukiibandika Mwanza, umeleta Colorado ziwani. Kwa ukuta wa Bonde la Ufa, ambako reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilishuka kati ya lava na majivu ya volkano yaliyogandamana, kalibu zenye pembe zitakufaa, mradi matabaka yote yaelekee upande mmoja.

Kuna jambo moja linalowaponza hata waliobobea. Kwenye reli halisi jabali lilitangulia, reli ikafuata. Mezani ni kinyume: njia hupigwa kwanza, kisha mlima hujengwa kuizunguka. Usipojihadhari, kila jiwe litakaa kwa adabu mbali na reli, na reli itapinda bila sababu katikati ya uwanja mtupu. Mhandisi hapendi graniti. Huikwepa anapoweza, na pale asipoweza huipasua. Kwa hiyo kila pindo la njia liwe na jiwe linaloeleza kwa nini reli imepinda, na mahali pamoja jiwe limezidi ubishi, likakatwa. Uso uliokatwa kwa baruti haufanani na mawe ya jirani: ni bapa, una pembe, rangi yake ni angavu, na una mifereji iliyosimama pale tundu la baruti lilipopita. Tundu la sentimita 4 linakuwa nusu milimita, kwa hiyo mkwaruzo wa sindano unatosha. Nyufa za upande wa kushoto wa mkato ziendelee upande wa kulia, kwa sababu kabla ya baruti ulikuwa mwamba mmoja. Na kabla hujagundisha chochote, pitisha behewa lako refu kuliko yote: kwenye pindo, tumbo la behewa huingia ndani na ncha zake hutoka nje, na jiwe lililoonekana liko mbali litalikwaruza.

Rangi ndiyo sehemu ambayo watu huiogopa, na ambayo kwa kweli hujifanya yenyewe ukiiachia. Jasi isiyopakwa kitu hunywa maji. Tumia rangi za maji tatu tu: njano ya udongo, kahawia iliyokolea, na nyeusi, kila moja ikiwa nyembamba kiasi kwamba ukiimimina kwenye kisosi unaona maua ya kisosi chini yake. Gusa kwa sifongo madoa ya njano hapa na pale, karibu theluthi ya uso. Gusa madoa ya kahawia theluthi nyingine. Sehemu iliyobaki iache nyeupe. Kwa hatua hii jiwe linatisha kwa ubaya, na wengi hukata tamaa hapo. Kabla halijakauka mimina nyeusi juu ya lote. Ile nyeusi inashuka, inaingia kwenye kila ufa, inayaunganisha madoa, na sehemu zilizoinuka zinabaki angavu. Subiri hadi kesho yake ndipo uhukumu, maana jasi ikikauka huwa angavu zaidi kuliko ilivyokuwa na maji. Likizidi kuwa jeusi, kazi ya kulirudisha ni ngumu. Likiwa jeupe mno, unaongeza tu.

Hapo umepata graniti ya popote. Ili iwe ya Mwanza, ongeza vitu vyake. Michirizi meusi inayoshuka kutoka juu, pale maji ya mvua yanapopita na viumbe vidogo vya unyevunyevu vinapoota. Ianze kwa upana kileleni na kuisha ikiwa nyembamba, na isitoke kamwe chini ya ukingo unaokingwa na mvua. Madoa ya kuvumwani, ya kijivu-kijani na machache ya chungwa, kwa ncha ya brashi. Mawe yaliyo majini yawe na vichwa vyeupe vya kinyesi cha mnandi na ndege wengine wa ziwa. Uso wa mkato mpya usipate chochote kati ya hivyo.

Chini ya mawe watu hupenda kumwaga kokoto nyingi, kwa kuwa wameona picha za milima ya Ulaya ambako barafu huvunja miamba kila mwaka. Graniti ya ziwani haimwagi kokoto namna hiyo. Udongo na mchanga wa kwatzi hufika hadi kwenye jiwe, nyasi zinaanza hapohapo, na mtini unaweza kuwa umeingiza mizizi kwenye ufa. Chekecha mchanga kwa chujio la chai, kisha upitishe sumaku juu yake kabla ya kuutumia: mchanga mwingi una punje za madini ya chuma, na punje moja ikivutwa na sumaku ya mota, injini yako imekwisha. Gundi nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu na maji pamoja na tone la sabuni ya vyombo, itaushika. Reli zifunike kwa seloteipu ya karatasi wakati wote huo.

Kinachotoa kipimo cha mwisho kwa mtazamaji ni nyumba. Kwenye vilima vya Mwanza watu wamejenga kati ya mawe na chini yake, ukuta wa nyuma ukiwa jabali lenyewe. Mlango wa mita 2 ni milimita 23. Weka nyumba moja ndogo ya bati imejibanza chini ya jiwe la sentimita 9, na hakuna atakayeuliza jiwe hilo ni kubwa kiasi gani. Pimbi wakikushawishi, wachonge, ila ujue kwamba pimbi wa nusu mita hafiki hata milimita 6, na ukiweka zaidi ya wawili watu wataacha kutazama treni.

Kazi yote ya rangi ifanyike chini ya taa zilezile zitakazowaka juu ya reli. Balbu ya njano hufanya kahawia ionekane nyekundu, na ile nyeupe ya ofisini huiua njano ya udongo kabisa. Taa iwe moja yenye nguvu, upande mmoja, juu kidogo, ili kila jiwe litupe kivuli kwa jirani yake. Taa nyingi zilizosambaa darini hufuta vivuli, na nyufa ulizozihangaikia kwa patasi hazitaonekana.